Karabai za Meza Kuu

Kasikeu, Alhamisi, Julai 1986. Wingu limetanda tangu asubuhi na baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Nimekasirika, na sitaki hasira hii ipoe.

Leo semina yangu ya wakunga imeanza. Mimi ndiye nesi wa zahanati hapa, na semina hii nimeiomba mwaka mzima. Akina mama walikuja kwa miguu kutoka mbali, wengine wamezalisha watoto wa watoto waliowazalisha zamani. Kanisa lilitupa ukumbi.

Shida ni mapambo. Kwetu hapa, semina bila meza kuu si semina. Kamati ya kanisa ilifunika madirisha kwa leso ili papendeze, ikatandika vitambaa vyeupe kila mahali, kisha ikatundika karabai zote mbili juu ya wageni wa heshima. Nyuso za wazee ziling'aa kweli. Mimi na mwanasesere wangu wa kitambaa, mtoto wangu wa kufundishia, tulikuwa pembeni, gizani.

Nikafundisha hivyo hivyo. Kamba ya kitovu unafunga hapa, unafunga na hapa, halafu unakata katikati kwa wembe mpya. Wakunga wote wakaitikia kwa vichwa. Nikafurahi!

Kisha nikamwita Mama Mbinya, mkongwe kuliko wote, arudie. Alifunga vizuri, halafu akakata upande wa tumbo la mtoto.

Mtoto wa kitambaa hatoki damu.

Nilipomwuliza mbona, alicheka kwa aibu. "Sista, mimi naona kivuli yako tu. Lakini wewe unafundisha vizuri, tungekukatiza aje?"

Kumbe walikuwa wakiitikia kwa adabu. Wote.

Hapo sikuomba ruhusa. Nilitoa leso madirishani, nikageuza mabenchi ili mwanga uingie kutoka ubavuni, nisisimame na dirisha mgongoni kama pazia. Nikapanda kiti, nikaishusha karabai moja na kuitundika juu ya mwanasesere. Chini yake nikatandika leso nyeusi, maana kamba nyeupe juu ya kitambaa cheupe haionekani hata na mwenye macho ya mwewe.

Mzee Mutua, mwenyekiti wa kamati, akasimama. "Sista, hiyo taa ni ya wageni. Mtu mkubwa hakai giza."

"Atakaa, mzee. Yeye hazalishi mtu."

Mabenchi ya nyuma yakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Kesho anakuja mkubwa kutoka wilayani. Mzee ameniambia taa zirudi mezani, la sivyo niitafutie semina yangu ukumbi mwingine.

Naogopa? Ndiyo, naogopa. Wilayani wakisikia nimegombana na kanisa, sitapewa semina nyingine, na wakunga hawa watarudi nyumbani na nusu ya somo.

Lakini kabla hatujaachana, Mama Mbinya alikuja tena mezani kwangu, chini ya karabai. Akafunga, akafunga, akakata katikati. "Sasa naona," akasema. Akarudia bila kuambiwa. Nusura nilie mbele ya watu.

Jioni mke wa mchungaji alinishauri nimwombe mzee msamaha, ati mwanamke mkaidi hafiki mbali. Nilimshukuru kwa chai. Msamaha sijauona wa kuomba.

Kesho nitatangulia kufika kabla ya mzee, na karabai itakuwa juu ya mwanasesere. Wakitufukuza, tutatandika leso uani. Jua halina meza kuu.

Mzee anasema taa ni ya mgeni wa heshima. Kwa hilo nakubaliana naye kabisa. Mgeni wa heshima wa semina hii ninamjua, ila bado hajazaliwa, na taa nitaiweka pale atakapofikia.