Ujumbe wa Asnake Kutoka Hawassa

Kaliti, Addis Ababa
Jumamosi, katikati ya mwezi wa Tikimt

Dada yangu Zenebech,

Nakusalimu wewe, mama na watoto. Baridi ya Debre Birhan imeshaanza kuuma, au bado mnaota jua la asubuhi ukutani? Kikohozi cha mama kimeachia? Na huyu mdogo, ananyonya vizuri au bado anakulaza macho? Mimi mwili ni mzima. Mwenye nyumba wangu naye hajambo, ameongeza kodi tena.

Barua hii inamhusu mumeo Asnake. Yu hai, ana akili zake timamu, na jana jioni alikunywa supu akaimaliza. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki bila kuruka mstari. La pili: ukiletewa karatasi yoyote kutoka kiwandani, usitie sahihi, wala dole gumba. Sasa keti, mpe mama mtoto, nikueleze tangu mwanzo. Ukipokea mwisho bila mwanzo hutajua ni nani wa kumwogopa.

Unakumbuka mwaka jana nilivyokuwa nikikuchosha kwa simu na habari za programu za ofisi. Mwenye kiwanda, Ato Sahlu, alikuwa amepatwa na kiharusi, na mwanawe Kirubel alikuwa amerudi kutoka ng'ambo kushika kiwanda. Alikuta oda za majiko ya mitad ya kuokea injera zimeandikwa nyuma ya makasha, michoro imo kwenye mifuko ya watu, na mchoraji wetu mmoja alikuwa ameshahamia kwa mshindani na mchoro wa jiko letu kubwa. Kirubel akanipa kazi ya kutafuta programu moja itakayobeba yote: barua, hesabu, ujumbe wa kazini, michoro na zamu za mashine. Alisema nimekaa ofisini kuliko mtu yeyote, najua kila mlango unapokwamia.

Nililinganisha tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bure, ile ambayo kila mtu alikuwa nayo tayari kwenye simu yake. Mzee wetu Gashe Demissew wa mashine kubwa, ambaye pia ni mwenyekiti wa idir, chama chetu cha kuzikana, aliipigia debe mbele ya wote. Alisema cha bure hakina lawama, kikikushinda unakifuta. Ya pili ilikuwa imetengenezwa na vijana wa hapa mjini, wenye chumba chao Sarbet. Iliandika Kiamhari bila kukwama, ilijua miezi yetu kumi na mitatu, na kila kitu kilikaa kwenye kompyuta ndani ya ofisi yetu wenyewe. Ya tatu ilikuwa ya nje, nzuri kuliko zote, lakini ililipiwa dola kila mwezi, na dola siku hizi ni za kuota tu. Hiyo tuliiaga mapema.

Kirubel alisikiliza maelezo yote akichezea ufunguo wa gari. Swali lake lilikuwa moja. Aliuliza kama mwenye kiwanda anaweza kuingia kwenye akaunti ya mfanyakazi bila kumwomba neno lake la siri. Ile ya bure haikuruhusu. Vijana wa Sarbet walisema yao inaruhusu, ila mfanyakazi hupata taarifa kwamba akaunti yake imefunguliwa. Akauliza kama taarifa hiyo inaweza kuzimwa. Wakatazamana. Mkubwa wao akacheka, akasema mteja ni mfalme.

Tulichukua ya Sarbet. Barua ya kuipendekeza niliiandika mimi, na sababu niliyoitaja ni kwamba michoro haitatoroka tena. Niliiamini sababu hiyo. Hata leo sioni kosa ndani yake.

Miezi ya kwanza tuliicheka tu. Gashe Demissew alikuwa akisema zamani Ato Sahlu akigomba alisikika mpaka barabarani, sasa mwanawe anagomba kimyakimya mfukoni mwa mtu. Wanawake wa chumba cha nyaya walimwambia Kirubel kwamba kama programu yake inajua kila kitu, basi iwatafutie na waume. Michoro ilionekana, oda hazikupotea, na mimi nilipewa sifa. Ufunguo mkuu wa mfumo tulikuwa nao watu wawili, mimi na Kirubel.

Asnake aligoma mahali pamoja tu. Unajua desturi yake akiwa anatengeneza mashine: anavua kofia anaitundika kwenye swichi, na hata Ato Sahlu mwenyewe hakuwahi kuigusa kofia ile. Kirubel akasema kofia si mfumo. Akafunga kioo kidogo cha mfumo kando ya kila mashine. Rangi nyekundu maana yake iko matengenezoni, kijani maana yake iko tayari, na anayeruhusiwa kubadili rangi ni fundi peke yake, kwa akaunti yake. Asnake alimjibu, "Sawa bosi, ila kofia yangu haiishiwi chaji." Tulicheka wote, Kirubel naye akacheka. Siku ya pili lilitoka tangazo kwamba nguo na kofia zisitundikwe kwenye mashine. Shemeji akatii.

Jumatatu iliyopita, baada ya chakula cha mchana, mashine kubwa ya kukandamiza bati ilikwama. Tulikuwa tumebanwa na oda ya harusi za mwezi wa Tir, na lori la mteja lilikuwa uani, dereva anapiga honi. Asnake aliweka rangi nyekundu, akazunguka upande wa nyuma, akalala chali akaingiza mikono yote miwili chini ya nyundo ya mashine. Aliyesimama mbele, penye kanyagio, hawezi kumwona mtu aliye upande ule. Kioo kikageuka kijani. Mtu wa mbele akaita, "Asnake, tayari?" Mashine nyingine zilikuwa zinanguruma, hakusikia jibu. Kioo kilikuwa kijani. Akakanyaga.

Aliyekanyaga ni Gashe Demissew, huyo aliyekukabidhi barua hii. Tulimwambia tutamtuma mtu mwingine, akakataa. Kama amekataa kuingia ndani na ameketi nje, usimlazimishe, ila mpelekee maji.

Mkono wa kushoto umepoteza vidole vinne. Wa kulia umevunjika mahali pengi, umefungwa mpaka kwenye kiwiko, na madaktari wanatumaini kuuokoa. Siku ya kwanza Asnake aliuliza kama mashine imezimwa. Siku ya pili aliniambia, "Wubit, jiandae kuninyoa ndevu, na mkono wako ninavyoujua, bora nibaki mzee." Kwa hiyo ndani ni yuleyule. Dawa zinamlaza muda mwingi, na akizungumza sana anachanganya siku.

Jioni ile Kirubel alitukusanya uani. Macho yalikuwa mekundu, na sidhani alikuwa anaigiza. Alisema asipatikane mtu wa kumpigia simu mke wa Asnake. Alisema wewe unanyonyesha, maziwa yatakauka, na watu wetu hawapeleki habari mbaya kwa simu. Tungoje hali itulie, halafu wazee wa idir waende alfajiri, wakueleze ana kwa ana kama inavyopasa. Nani angembishia? Ndivyo tulivyolelewa. Baba alipofariki tulifichwa siku tatu, tukaendelea kucheka na kusuka nywele, na hatukumlaumu mtu. Wote tulikubali, nami nikiwemo. Ndiyo maana hukusikia kitu kutoka kwangu.

Alhamisi ukanipigia. Ulikuwa unacheka na kukasirika kwa pamoja. Ulisema, "Huyu shemeji yako amefika Hawassa kufundisha watu mashine mpya, basi mji umemlevya! Kaniandikia jana kala tibs mpaka kashindwa kusimama. Jumatano ya mfungo, Wubit! Asnake na nyama Jumatano! Amelogwa au amebadili dini?" Nilikujibu kwamba mtandao ni mbovu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima.

Dada, Asnake hajawahi kukanyaga Hawassa. Jumatano ile nilikuwa kando ya kitanda chake, nikimlisha mchuzi wa shiro kwa kijiko.

Nilirudi ofisini, nikaingia kwa ufunguo mkuu. Simu ya kazi ya Asnake imeungwa na mfumo, kwa hiyo anayeingia kwenye akaunti yake anaweza kukuandikia kwa jina lake, nawe ukaona ni yeye. Ujumbe wote uliopokea tangu Jumatatu jioni umetoka kwenye kompyuta iliyo chumbani kwa Kirubel. Yule aliyekuambia amefika salama, aliyeuliza kama mtoto ameota jino, aliyekuita kwa lile jina ambalo Asnake hukuita mkiwa wawili, ni yeye. Jina hilo hakulijua. Alipanda juu kusoma mliyoandikiana zamani, akalikuta.

Nikatazama na rangi ya mashine. Nyekundu ilibadilishwa kuwa kijani kwa akaunti ya Asnake, kutoka kompyuta hiyohiyo ya Kirubel. Mfumo unasema aliyebonyeza ni Asnake. Nami nauliza, kwa mkono upi? Yote miwili ilikuwa chini ya nyundo.

Siamini kwamba Kirubel alitaka kumuumiza. Naamini alisikia honi ya lori, akaona rangi nyekundu, akadhani fundi anavuta sigara mahali, akaingia kwenye akaunti yake akabadili mwenyewe. Hilo lilikuwa la haraka na la kijinga. Lakini tibs za Hawassa hazikuandikwa kwa haraka. Alikaa akazifikiria.

Jana aliniita chumbani kwake, akanikaribisha kiti. Aliniomba kwa upole nimrudishie ufunguo mkuu, eti nimebeba mzigo mkubwa mno na nimekosa usingizi. Nilimpa. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, nami nimezoea kusoma herufi zilizogeuka. Inasema fundi mwenyewe alibadili rangi kabla ya kumaliza kazi, na familia imepokea msaada wa kiwanda na haina dai lolote. Chini pameachwa nafasi ya mke, kwa kuwa mgonjwa hawezi kushika kalamu. Akaniuliza, kama anayeulizia hali ya hewa, "Hivi dada yako ni mtu wa kusoma karatasi kabla ya kusaini?" Nilimwambia ukweli, kwamba karatasi zote humwachia mumeo. Alitabasamu, akasema vizuri.

Mkaguzi wa kazi wa serikali anakuja Jumanne. Karatasi hiyo ikiwa mezani, ataamini mfumo, atafunga jalada, na Asnake atakuwa mtu aliyejikata mikono mwenyewe. Ikikosekana, itabidi awasikilize watu, na Gashe Demissew yuko tayari kusema alichokiona na alichokitenda. Kwa hiyo Kirubel atakuja kwako Jumatatu kwa gari lake, na kabla ya hapo "Asnake" atakuandikia, kama hajakuandikia tayari, kwamba ofisi inaleta karatasi ya nyongeza ya mshahara na utie sahihi bila wasiwasi.

Jumatatu asikukute. Njoo Jumapili hiyohiyo na Gashe Demissew kwa basi. Mtoto mchukue, mkubwa mwachie mama na jirani. Wazee wawili wa idir watawapokea kituoni na mtafikia kwangu. Wapo waliosema kazi ya idir ni mazishi, haya si yake. Gashe Demissew aliwajibu, "Basi tumngoje afe ndipo tuwe na kazi?" Wakakubali. Mkaguzi akifika Jumanne, mke wa Asnake awe ameketi kando ya kitanda, na mkaguzi aitazame ile mikono kwa macho yake kabla hajatazama kioo chochote.

Lakini kabla hujatoka nyumbani, mjibu anayekuandikia. Usimwambie unajua. Usiulize kazi, usiulize mikono, usimtukane hata kwa alama moja. Mwandikie kama unavyomwandikia mumeo siku zote, kwamba habari ya karatasi umeipata na umefurahi, ila mambo ya ofisi wewe huyajui, na kama ilivyo desturi yenu utangoja arudi kutoka Hawassa aisome kwanza yeye mwenyewe mbele yako, ndipo utie sahihi.

Hilo atalitafutia jibu na hatalipata. Akikuambia usimngojee mumeo, itabidi aseme mumeo yuko wapi.

Kisha muage kwa lile neno lenu la kuagana, lilelile, usilipunguze wala kuliongeza. Anayesoma analijua.

Mbusu mama magoti kwa niaba yangu na umwambie nitakuja mwenyewe kumtazama mambo yakitulia. Wasalimu majirani wote, ila leo usiwaeleze kitu. Mungu awashike mkono njiani.

Nakungoja,
mdogo wako,
Wubit