Kile Kisu Ulichonikataza Kunoa

Baba,

Ndiyo nimekaa chini sasa. Neema amelala, nguo zimeanikwa, na mikono yangu inanuka chuma kama yako. Baiskeli yako ya kunolea sikuiuza. Kila asubuhi natoka Silanga na mtoto mgongoni hadi pale pako kwenye kituo cha Kawangware 56, nakanyaga hadi magoti yanalia. Siku ya kwanza yule muuza nyama alinicheka mbele ya watu: "Madam, hiyo si cherehani!" Siku hizi visu vyake hampi mtu mwingine.

Lakini nakuandikia kwa sababu nimekosa. Nimekigusa kile kisu.

Kile cha babu, alichoachiwa na afisa mzungu ambaye babu alikuwa akimpikia jeshini. Ulikifunga kwenye shati lako la kijani, ukakipaka mafuta kila Krismasi, na hata ulipokuwa mgonjwa, maji huwezi kumeza, bado uliniambia, "Mama, hicho usikinoe. Ukikinoa kinakuwa kisu tu." Uliniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na ukiniita hivyo mimi siwezi kukataa. Nikaahidi.

Sasa juzi nilikibeba kazini nikipake mafuta wateja wakipungua. Jiwe lilikuwa bado linazunguka. Baba, si unajua mkono wa mnoaji? Ukiona makali butu unawasha. Niligusisha ncha mara moja tu. Cheche zikaruka, nikasikia sauti yako, nikatoa miguu kwenye pedali. Mkwaruzo mweupe, kama punje ya mchele. Nililia, Neema naye akalia, watu wakadhani tumefiwa tena.

Nikakipeleka Riruta kwa Mama Wangari, mteja wako wa mikasi, yule anayekusanya vitu vya zamani vya jeshi. Nilitaka aniambie kama nimekiharibu, basi.

Alikitoa kwenye ala polepole kama anamvua mtoto nguo. Akanusa ngozi ya ala. Akatikisa mpini asikie kama unacheza. Haukucheza. Herufi za jina la afisa zinasomeka zote. Kutu kidogo, akasema, lakini ni ya uzee, si ya uzembe, na nisithubutu kuisugua na waya ya sufuria. "Aliyekiweka hiki alikuwa na heshima." Nilivimba kichwa kwa niaba yako.

Kisha akachukua kioo cha kukuza. "Hapa kwa ncha kumeguswa na jiwe. Juzi juzi." Nikainamisha macho. Akakigeuza. "Na huku, karibu na mpini, pia. Lakini hii ni ya kitambo, imeshaingia rangi. Mara moja tu, halafu mtu akaogopa."

Baba. Wewe!

Babu alikuwa mpishi. Katika ukoo wetu mzima, kabla yangu, mwenye jiwe la kuzunguka ulikuwa wewe peke yako. Nilicheka hadi Mama Wangari akavua miwani. Miaka hiyo yote ule ukali wako, kumbe ulikuwa unajikataza mwenyewe!

Aliniambia hakijaharibika. Mnunuzi angelalamika kidogo, lakini kisu ni kizima. "Unauza?" Nikamwambia siuzi, na nikalisema hilo kwa sauti uliyotumia ukitaka mazungumzo yaishe. Hakuuliza tena.

Nimekirudisha kwenye shati lako. Krismasi nitakipaka mafuta hapa nyumbani, mbali na jiwe. Hilo naahidi, na ahadi hii nitaitimiza. Neema akikua nitamkataza, kwa sauti yako ile ile, bila kucheka. Kuhusu mikwaruzo yetu sitamwambia kitu. Ataiona mwenyewe, siku atakayokuja kuniambia kwamba amekosa.

Lala salama, Baba. Kesho muuza nyama analeta visu saba, na anataka makali yako.

Mimi, Mama yako.