Kisanduku Kisichokubali Sifuri

Jumanne, 13 Februari

"Namba hazina chama wala hasira. Mwananchi yeyote aingie kwenye tovuti ya wilaya, aweke namba zake mwenyewe, ajionee." Hayo ni maneno ya Bwana Tak Gyeong-su, mkuu wa mipango wa wilaya, gazeti la leo, ukurasa wa pili, juu ya tangazo la mbolea. Upuuzi! Namba haina hasira, sawa. Lakini kuna kidole kilichoichapa. Kidole kina bosi, bosi ana bajeti, na bajeti ina hasira tele. Watu wanaojificha nyuma ya namba nimepigana nao tangu nianze kuandika safu yangu katika gazeti hilo hilo. Wote huongea kwa upole. Wote!

Kisa chenyewe: wanataka kumwondoa daktari wa watoto, Bi Namgung, kwenye zahanati ya bonde letu. Kanuni inasema bonde lenye watoto ishirini au zaidi ambao hawajatimiza miaka sita linapata daktari wao, Jumanne na Ijumaa. Likipungukiwa, basi. Bwana Tak anasema sisi tunao kumi na saba. Madiwani watapiga kura Alhamisi ya wiki ijayo.

Na mimi nina mjukuu. So-dam, mtoto wa Seul-bi wangu, anapumua kama birika linalotaka kuchemka. Bi Namgung ndiye aliyemsikiliza kifua, akampa dawa ya kuvuta, akatuambia tusingoje siku ya pili akianza kukoroma kifuani. Bila yeye daktari yuko mjini, ng'ambo ya mlima, na barabara ya mlimani ina barafu mpaka Machi.

Nimekaa, nimeinuka. Chai imepoa, nimeipasha, imepoa tena.

Jumatano, 14 Februari

Nimeupokea mwaliko wa Bwana Tak. Ukurasa wenyewe ni mwepesi: unachagua bonde, kisha kuna visanduku viwili. Umri kuanzia, umri hadi. Unaweka namba zako, unabonyeza "tafuta", na kanzidata inakutolea wale tu walio kati ya namba hizo. Majina haionyeshi, idadi tu. Nimeweka moja. Nimeweka tano. Nimebonyeza.

Kumi na saba.

Nimerudia. Kumi na saba. Nimechapa kwa nguvu, kama vile mashine ina masikio. Kumi na saba!

Mume wangu ameingia na mkasi wake wa kupogolea, theluji viatuni.

"Mama Seul-bi, labda wako kumi na saba kweli."

"Rudi kwenye matufaha yako."

Amerudi, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Kinachoniuma: makala ilikuwa tayari kichwani, na kichwa cha habari nilishakipata — "Namba za Bwana Tak." Sasa namba za Bwana Tak ni namba zangu pia. Nimeosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Alhamisi, 15 Februari

Nimezunguka bonde zima, nyumba kwa nyumba. Kule Bamgol mama mmoja amenifungulia mlango na nywele zimesimama.

"Mama Seul-bi, leo unauza nini?"

"Siuzi. Nahesabu watoto."

"Wangu usimhesabu, mchukue kabisa! Tangu Jumatatu hajafumba jicho!"

Ishirini na watatu. Nimewaona kwa macho yangu. Wengine nimewabeba, mmoja amenitapikia koti. Ishirini na watatu! Sita wamekwenda wapi?

Nimempigia Bwana Tak. Sauti laini, kama kawaida.

"Bi Ma, wewe umehesabu kwa miguu. Mimi nimehesabu kwa sajili ya serikali. Diwani atashika lipi?"

"Diwani aje awabebe!"

"Pengine sita hao wameandikishwa kwa bibi zao mjini. Hutokea." Akaniaga kwa heshima zote na kukata simu. Ana adabu ya kukatia watu simu huyu.

Mimi nina wazo langu. Wamefutwa. Na waliofutwa ni wale wa akina mama waliotoka nje, wasio na wa kuwasemea. Nimemrudia Lien, Mama Ha-ram, aliyeolewa hapa akitokea Vietnam. Anamenya figili, mtoto mgongoni.

"Dada, wangu nimemwandikisha mwenyewe. Cheti ninacho."

"Ndiyo maana nataka kuandika habari zako."

"Usiandike." Ameweka kisu chini. "Ukiandika, ni mimi watakayenitazama sokoni. Wewe watakusoma tu."

Nimefunga daftari. Mimi! Nimetembea mpaka darajani, nikarudi, nikaenda tena.

Ijumaa, 16 Februari

Makala imekwisha. Inasema kuna mkono wilayani uliowafuta watoto. Ni kali, inachoma, kila sentensi ina meno. Haina ushahidi hata mmoja. Nimeitia kwenye droo. Nimeitoa. Nimeirudisha. Mhariri anaitaka Jumatatu.

Kesho ni sherehe ya siku mia moja tangu So-dam azaliwe. Sina hamu ya keki wala wageni.

Jumamosi, 17 Februari

Lazima niandike haraka.

Tumefanya sherehe mapema kidogo ili baba yake So-dam awepo. Keki nyeupe ya unga wa mchele, ya mvuke, Seul-bi ameikata vipande na kuvipeleka kwa majirani, maana kadiri nyumba nyingi zinavyoila ndivyo mtoto anavyokuwa na afya. Sahani zimerudi na vitu juu yake, hakuna arudishaye sahani tupu: mchele, soksi, vibunda vya uzi mweupe wa maisha marefu. Bibi Gwak, jirani yetu wa ukuta mmoja, amekuja mwenyewe na uzi wake na mdomo wake.

"Haya, nimwone huyu mzee wa miaka miwili!"

Miaka miwili, ndiyo. Sisi mtu huzaliwa tayari ana mwaka mmoja, na mwaka mpya unamwongezea wa pili. So-dam amezaliwa Novemba, mwaka mpya umepita, basi.

Seul-bi amecheka. "Bibi, sheria imeshabadilika! Siku hizi ni mpaka siku ya kuzaliwa izunguke. Kwenye kadi ya Bi Namgung So-dam ni sifuri."

"Sifuri?" Bibi Gwak amemtazama mtoto, akatutazama sisi. "Mtu ananyonya, ananya, anapiga kelele mpaka mbwa wangu anajibu, halafu ni sifuri? Sifuri ni mtu ambaye hayupo!"

Watu wamecheka. Mimi nimesimama na kipande cha keki mdomoni.

Ambaye hayupo.

Nimekimbilia chumba cha ndani, kwenye kompyuta. Bonde letu. Umri kuanzia: nimeandika sifuri. Maandishi mekundu yakatokea: "Tafadhali weka namba kuanzia 1." Hata mashine! Aliyeitengeneza naye kazaliwa ana mwaka mmoja! Nimeifuta ile sifuri kwa hasira, kidole kikateleza, nikabonyeza "tafuta" na kisanduku cha kwanza kikiwa kitupu, cha pili kina tano yake.

Ishirini na tatu.

Nimekaa chini sakafuni. Kisanduku kitupu hakimzuii mtu. Ukiacha wazi upande wa chini, inakuletea kila aliye chini ya namba ya juu, hata aliyezaliwa jana. Ukiweka moja, wachanga wote wanabaki nje ya mlango. Wote sita: So-dam, Ha-ram wa Lien, mapacha wawili wa mwenye duka la gesi, yule wa Bamgol asiyelala, na jirani yake aliyenitapikia koti.

Hakuna aliyewafuta. Kanuni inasema "hawajatimiza miaka sita" na haisemi waanzie wapi. Ile tano Bwana Tak aliisoma kwenye kanuni. Ile moja aliitoa kichwani. Na mimi vilevile! Nilichapa moja bila hata kufikiri, kwa sababu kwetu hakujapata kuwa na mtu chini ya moja. Sheria imebadilika, sajili imebadilika, vidole vyetu havina habari.

Makala nimeitia jikoni kwenye jiko la kuni. Ingemwangukia Lien, si Tak.

Mume wangu: "Sasa umefurahi?" Hapana! Nilitaka mwizi, nimepata mazoea. Mwizi ana aibu akikamatwa. Mazoea hayana.

Jumatatu, 19 Februari

Ofisi ya Bwana Tak. Ndogo kuliko nilivyodhani, ina mti mdogo wa ndimu kwenye chungu. Nimeanza bila salamu ndefu.

"Mkuu, mjukuu wako ana miaka mingapi?"

"Mitatu." Uso wote umefunguka. "Anaongea sana. Amekurithi wewe."

"Kwa sheria?"

Amehesabu kwa vidole chini ya meza, nimeona mabega yakicheza. "Mmoja. Na miezi minne."

"Wangu amezaliwa Novemba. Kwenye mashine yako ana miaka mingapi?"

Amegeuza kompyuta, amechagua bonde letu, ameifuta ile moja. Amebonyeza. Amesoma. Amevua miwani, akaivaa, akabonyeza tena, kama nilivyofanya mimi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi badilisha!"

"Bi Ma." Amesugua macho. "Ripoti imeshapigwa muhuri, madiwani wanayo mkononi. Na hata nikitaka — fomu ya wakaguzi ina nafasi mbili: namba ya kuanzia, namba ya kuishia. Kisanduku kikiwa kitupu wataniuliza, uliweka namba gani? Niseme sikuweka?"

"Sema ukweli!"

"Niandike wapi?" Ameniuliza kwa dhati. Hakuwa anakejeli. Hapo ndipo nilipotaka kumpiga na ule mti wa ndimu.

Nimepiga kelele kidogo. Sana. Nimemwambia watu hawaugui kwa kufuata fomu. Nimemwambia mchanga ndiye anayemhitaji daktari kuliko wote, na ndiye pekee waliyemwacha nje. Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha ametengeneza kahawa ya pakiti, vikombe viwili vya karatasi.

"Kikao cha Alhamisi ni cha wazi. Mimi ni mtumishi, siwezi kusimama kupinga ripoti yangu. Lakini kompyuta itakuwa mezani, na ukurasa huo utakuwa umefunguliwa. Hilo naliweza."

Nilikwenda kupigana, nimetoka na kikombe cha karatasi. Najichukia kwa kuwa ilikuwa kahawa tamu.

Jumanne, 20 Februari

Asubuhi So-dam amekoroma. Leo ni siku ya Bi Namgung, Seul-bi akamfunga mtoto, akashuka zahanati. Mlangoni kuna karatasi: huduma ya watoto imesimamishwa kusubiri uamuzi wa baraza. Kusubiri! Hawajapiga kura na mlango wameshafunga!

Amepanda gari kwenda mjini. Theluji imeanza.

Saa tano. Hajapiga simu.

Nimefagia uani. Theluji inafunika nilipofagia. Nafagia tena.

Saa sita. Mume wangu amesimama barabarani bila kofia, anautazama mlima.

Saa saba kasoro. Wamefika! Gari liliteleza kwenye kona ya tatu, likakaa nusu mtaroni, dereva wa lori la chumvi akalivuta. So-dam amevutishwa dawa, anapumua. Daktari wa mjini kamwambia Seul-bi angechelewa kidogo tu angemlaza. Seul-bi alinieleza yote hayo kwa sauti kavu kabisa. Kisha akasema, "Mama, Alhamisi nakuja na wewe," na hapo ndipo akalia.

Alhamisi, 22 Februari

Ukumbi wa baraza la wilaya, korido ya nje, benchi. Naandikia magotini, mistari inapanda na kushuka.

Tumekuja na wote sita. Seul-bi, mama wa mapacha na mumewe, akina mama wawili wa Bamgol, na Lien pia! Sikumwita. Amekuja amevaa koti lake zuri, cheti cha Ha-ram ndani ya plastiki, amekaa mwisho wa benchi bila kunitazama. Kisha amesogea karibu.

"Dada, leo wanitazame."

Mlinzi wa mlango, kijana wa watu, amekuja anajikuna shingo. "Shangazi, samahani sana. Watoto hawaruhusiwi ukumbini."

"Watoto gani?"

"Hawa, shangazi."

"Mwanangu, soma ripoti ya wilaya iliyo humo ndani. Inasema hawa hawapo. Sasa unamzuia nani?"

Mama wa mapacha amecheka mpaka akaamsha mmoja. Mlinzi amekwenda kuuliza. Hajarudi. Mlango ameuacha wazi kidogo, na kupitia hapo naona meza ndefu, madiwani saba, maji ya chupa, na kompyuta pembeni, ukurasa umefunguliwa. Bwana Tak ametimiza. Anaangalia mikono yake.

Wanasoma ajenda. Sisi ni ya nne. Sasa ya tatu, taa za barabarani. Naandika hapa nitakayosema, ili nikisimama nisipotee nikaanza kuhutubia kuhusu mambo yote ninayoyajua. Haya tu:

Waheshimiwa madiwani saba, msinyooshe mkono bado. Kompyuta iko hapo. Mmoja wenu, yeyote, asimame aiendee. Achague bonde letu. Kisanduku cha pili aandike tano. Cha kwanza afute ile moja, asiandike kitu. Abonyeze. Kisha ageuke atutazame hapa mlangoni, sisi na hawa mikononi mwetu, na atusomee jibu kwa sauti. Mkishasikia, ndipo mpige kura.