Sana ya Pili

Jumatatu, 4 Machi

Nusura niunguze shati la mteja! Binti yangu karudi chuoni na habari: kwenye somo la ushairi, kila mwanafunzi achambue shairi la ibada ambalo halijachapishwa. Kachagua langu! Ile dua niliyomtungia alipoanza chuo, ninayoiimba nikishona. Cherehani ikapumzika. Nimemwambia jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na mteja aliyefuata zipu tu.

Jumanne, 5 Machi

Uchambuzi umeanza. Vina safi. Kila ubeti unaishia "Mola wangu nisikie" — anasema hiyo ni takriri. Mimi nilidhani ni kung'ang'ania! Kila mstari mizani nane, yaani silabi nane. Kumbe mimi ni mtaalamu miaka yote hii na sijijui! Kisha ubeti wa tatu:

Mlinde wangu kijana,
Usiku hata mchana,
Mwanangu mzuri sana sana,
Mola wangu nisikie.

Kahesabu kwa vidole. Kumi! Mama, mstari unachechemea, tuondoe sana moja.

Ipi sasa? Sana moja hata mtoto wa jirani anaipata!

Anasema Ijumaa ataghani mbele ya mhadhiri, na mstari ukipinda alama zinashuka. Somo hili alishaanguka mara moja (mhadhiri alikuwa na lake jambo). Akianguka tena, anarudia mwaka. Nikamwambia Mungu mwenyewe hajawahi kulalamika.

Jumatano, 6 Machi

Nimenuna.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu. "Mwanangu mzuri mno" — vina vimekufa. "Mzuri sana" peke yake — kama namsifia kabati.

Mchana mteja kaleta kitambaa cha gauni la mwanawe. Nikamwita binti yangu: unaona pindo hili? Mtoto anakua, kwa hiyo ziada haikatwi, inakunjwa ndani. Kacheka mpaka kakaa chini. "Mama yangu weee, mizani haikunjwi!"

Basi. Nikamwambia akate, alama kwanza. Kanikumbatia. Nami nikashona mkono wa gauni kwenye shingo.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika hapa hapa ukumbini. Viti vya mbele, majirani wote wawili nimewaburuta. Mhadhiri ana uso wa mtu anayeumwa jino. Binti yangu kasimama — gauni nimeshona mimi — anaghani. Sauti hiyo kairithi kwangu! Mhadhiri anagonga meza kwa kidole, kila silabi pigo moja. Ubeti wa kwanza, nane nane. Wa pili, nane nane. Jirani wa kushoto ananifinya paja.

Wa tatu. "Mwanangu mzuri sana..."

Pigo la nane. Kidole kimetua.

Haendi kwenye Mola wangu nisikie. Kanyamaza. Mwanangu, endelea, wanakutazama! Yeye ananitazama mimi. Anatabasamu. Anavuta pumzi —

Na kidole cha mhadhiri kimenyanyuka tena.