Chupa Moja, Mama Saba

Kariakoo, Dar es Salaam

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako itanifikia kupitia kwa mama, kama ilivyo tangu nilipoondoka, lakini shikamoo hii nakupa wewe. Goti lako linaendeleaje na baridi ya mvua? Na nyuki, wamepata maua ya kutosha mwaka huu? Mimi ni mzima. Huku imenyesha mpaka bonde la Jangwani limekuwa ziwa. Na bidhaa zinavyomiminika! Tangu biashara iachiwe huru, hata asali inakuja kwa meli, imetiwa kwenye vichupa vya plastiki, ebo! Mimi bado niko kwa Bwana Pravin, muuza viungo, nauza asali yetu ya Tabora.

Mchana wateja wakipungua huwa nakaa mlangoni na ndoo ya asali wazi. Harufu ya moshi wa msituni inapanda, kelele za Kariakoo zinageuka mvumo mmoja, nami nikifumba macho niko chini ya mti wako, wewe uko juu na kamba, unanikaripia nisisogee. Natamani nisiamke. Bwana Pravin hunigutusha: "Maganga, unalala au unauza?" Namjibu, vyote viwili.

Sasa ile chupa. Yule dada ambaye nilimweleza mama habari zake, Rehema, mtafiti wa nyuki na mteja wetu, ndiye aliyeomba nyuki wa nyumbani. Kuna mashine huko ng'ambo inayosoma vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini mwa kila nyuki, herufi kwa herufi. Anataka kujua nyuki wetu wanatofautiana kiasi gani, maana wakitofautiana sana, ugonjwa ukija hauwamalizi wote. Aliagiza kila mzinga uwe na chupa yake, na namba juu. Wewe ukawatia wote kwenye chupa moja ya spiriti, ukampa mjomba aje nayo kwa treni! Rehema alishika kichwa. "Jamani, mzee amenichanganyia!" Nikamwomba asamehe. Nikamweleza kwamba baba hahesabu mizinga wala haruhusu mtu aihesabu mbele yake, anasema ukiihesabu nyuki wanahama. Akacheka, akasema basi, watasomwa mmoja mmoja, ndugu watajulikana kwa mama yao.

Ilichukua miezi. Juzi akaja na karatasi zake, akakaa juu ya gunia la binzari. Anasema nyuki wako wana tofauti nyingi ajabu, ni hazina, tusikubali mtu atuletee wengine wa kigeni. Kumbe kwenye mzinga mmoja mama ni mmoja lakini akina baba ni wengi! Hilo usimwambie shangazi, ataacha kula asali. Nilikuwa bado nacheka Rehema aliposema, "Kwenye ile chupa kuna mama saba. Kwa hiyo mzee ana mizinga saba, siyo?"

Baba, nisamehe, siku ninaondoka niliihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa sita.

Wa saba ulikuwa wangu, ule ulionichongea mwenyewe ukatia alama yangu ya mkuki. Nami kwa papara nikausogezea mwenge wa moto badala ya kufukiza moshi taratibu kama ulivyonifundisha. Ukashika moto palepale juu ya mti. Ukaniambia, "Hapa huna mzinga tena." Ulikuwa na haki, na mpaka leo inaniuma. Nauota sana ule moto. Ndotoni nyuki hawaungui, wanatoka tu, wanapanda juu, wanaenda zao, nami nawaita kwa majina kana kwamba wana majina.

Nimewaza labda ni nyuki wa kwenye shimo la mti. Lakini wewe hujawahi kugusa nyuki wasio wa nyumba yetu. Nikampigia mama: "Mzee amechonga mzinga mwingine?" Mama akacheka, akasema mtandao unakatika. Mtandao wenyewe ulikuwa safi kabisa, baba, nilikuwa nasikia mpaka kuku wa jirani.

Nisalimie shangazi yetu mfinyanzi, na mjomba aliyebeba chupa safari nzima bila kumwaga tone. Dada yangu mwambie kitenge chake nimeshakinunua, kinakuja.

Sikuombi unihesabie mizinga. Naomba hivi tu: Jumapili mama akipanda kichuguu kutafuta mtandao, panda naye. Polepole, goti lako nalijua. Nitapiga, nitasema shikamoo. Kama ule wa saba una alama ya mkuki, usimwachie mama. Itikia wewe.

Mwanao,
Maganga