Simu ya Bi Swabra Sasa Ni Nyepesi

Buguruni, Dar es Salaam
Alhamisi

Mume wangu Athumani, kipenzi cha roho yangu,

Pokea salamu za mkeo anayekuota akiwa macho. Hujambo, mpenzi? Kifua kimeacha kukubana? Na magoti ya mama mkwe yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Hina ya harusi yetu bado ipo kwenye kucha, na kila nikiiona nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota lulu. Ila siku hizi chache sijacheka sana, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu.

Kazi yangu hapa Kariakoo unaijua. Nakaa meza ya mbele dukani kwa kaka Hamidu, nawawekea watu programu kwenye simu, naondoa zinazosumbua, nasafisha simu zilizojaa. Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja Bi Swabra, mwenye duka la vitambaa ghorofa ya juu. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda. Simu yake imejaa, hata picha ya mjukuu haiingii. Alipoziona kucha zangu akanitania, "Bi harusi, kwa hina hiyo utashika vya watu kweli?" Nikamwambia hina ndiyo inanipa nguvu. Tukacheka wote wawili.

Ndani ya simu nilikuta magrupu matano ya familia, maua ya kutakiana asubuhi njema, na video za mapishi zilizokuwa zikijihifadhi zenyewe kila anapopita mtandaoni. Nikaweka programu ya kusafisha, nayo ikakusanya vitu vikubwa na vya zamani. Kawaida yetu ni kumsomea mteja orodha kabla ya kufuta. Sikumsomea. Ujumbe wako wa asubuhi ulikuwa sikioni mwangu, ule unaosema unalala upande wako wa kitanda na wangu huugusi. Nilikuwa nausikiliza mara ya nne. Nikabonyeza kufuta vyote huku natabasamu.

Alirudi baada ya adhuhuri. Alitafuta kwenye simu muda mrefu, kisha akaniuliza polepole, "Sauti za Baba Nassor umeziweka wapi?"

Marehemu mumewe alikuwa akimrekodia salamu kila Ijumaa akitoka msikitini. Eda yote alikuwa akizisikiliza hizo. Nakala hakuna popote.

Kaka Hamidu alinipisha kwenye kompyuta ya mezani, tukaweka programu ya kurudisha vilivyofutwa. Tulihangaika siku tatu. Maua yalirudi yote, Athumani. Video za mapishi zilirudi zote. Sauti zilirudi majina tu, ukifungua ni kimya. Moja peke yake ilitoa neno. Ilisema "Swabra," halafu ikakatika.

Nilimwita aje asikilize. Alisikiliza mara moja, akavuta mtandio wake, akasema, "Inatosha, mwanangu." Angenitukana ningepumua.

Sasa simu yake ni nyepesi, picha za mjukuu zinaingia bila shida. Kila asubuhi akipita ananiita bi harusi vilevile, nami naficha mikono chini ya meza. Anaamini programu ndiyo iliyokosea, kwa sababu kaka Hamidu alimwambia hivyo, nami nikanyamaza. Kesho ni Ijumaa. Kabla hajafungua duka nitapanda ngazi nimweleze nilikuwa nasikiliza nini. Huenda kazi ikaishia hapo. Ikiishia, nipokee na usiniulize mbele ya watu.

Nisalimie mama mkwe, wifi Tatu na mimba yake, na shemeji fundi baiskeli. Mwambie mama dawa ya magoti nimeipata.

Sauti zako, mpenzi wangu, sijazifungua tangu siku ile. Nazitamani mpaka nalia, lakini sizigusi mpaka nishuke ngazi za Bi Swabra.

Wako peke yako, uliyemwachia upande wake wa kitanda,
Rukia