Noti Kubwa Haipandi Basi

Mjukuu wangu Akello,

Hapa Kisugu tu wazima. Babu yako bado anagombana na redio.

Unauliza ufanyeje, maana dereva wa basi huko Madrid ameikataa noti yako ya yuro mia mbili. Kampala noti kubwa ya kigeni hupata bei nzuri kwa wabadilisha fedha, ndiyo maana hata mimi, nilipokwenda Hispania na kwaya ya shule, nilibeba moja tu. Nikaona aibu kuomba chenji, nikatembea kwa miguu siku mbili.

"Binti wa askari, gwaride gani hili?" wenzangu walinicheka.

Siku ya tatu nikaingia benki. Karani akanihesabia chenji bila hata kunitazama.

Kesho ingia, mama. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Chenji utapewa vilevile.

Bibi yako